Kichwa cha nyati: fundi wa hapa au wa nje?

Kaka, umeuliza kichwa cha nyati uliyemwinda kwa leseni ukitengenezeshe kiwe pambo la ukutani hapa Mwanza au ukipeleke Afrika Kusini. Kama kitatundikwa sebuleni kwako Capri Point, mpe fundi wa hapa. Kukituma nje kunataka kibali cha kusafirisha nyara, na kukirudisha ni makaratasi mengine.

Ila kabla ya kumlipa, akuonyeshe kazi yake ya miaka mitatu nyuma. Shika sikio: likiwa limejikunja, au manyoya yakabaki mkononi, aga uondoke. Ingawa mara nyingi kosa huanzia porini, chumvi ya kuhifadhi ngozi ikichelewa kupakwa. Kichwa cha mnyama pofu niliyemwinda kilinyonyoka manyoya ya midomo hivyo hivyo, fundi hana hatia. Na usikitundike ukuta unaoelekea ziwani, unyevu utakifumua mishono.