Kabla hujamtoa mwanao kwenye timu, kaongee na kocha

Mtoto wangu wa pili alipokuwa na miaka 8 timu moja ya mpira wa miguu hapa mtaani ilimkataa baada ya wiki 3 tu, sababu ya kupigana na wenzie. Kocha akaniambia mbele ya wazazi wenzangu, "Mama, huyu mpeleke kwingine, ataniumizia watoto wa watu." Nililia njia nzima mpaka nyumbani, kwahiyo kama na wewe umeshaambiwa hivo nakuelewa sana.

Wangu ana ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kujizuia, daktari ndo alituambia, huku mtaani wanasema utundu au mama kashindwa kulea lakini mtoto kujizuia kwake ni kugumu kuliko kwa wenzie, sio kwamba anapenda ugomvi. Watu wakanishauri nimpeleke kuogelea, si hata yule muogeleaji Michael Phelps wa Marekani aligundulika nayo akiwa na miaka 9 na akaja kubeba medali 28 za Olimpiki. Ni kweli, ila mimi nilikataa, sababu kitu mwanangu anachokikosa ni wenzie, hana rafiki, nikimpa mchezo wa peke yake nitakuwa nimemficha tu.

Sasa nilichofanya, timu ya pili nikawa naenda kukaa pembeni na daftari, kila ugomvi naandika kabla yake kulikuwa na nini. Wiki 2 tu nikaona, hapigani mpira ukiwa unachezwa! Anapigana kwenye foleni ya kusubiri zamu ya kupiga shuti, watoto 20 mpira mmoja, anasimama wee mpaka anaanza kumsukuma wa mbele, anasukumwa, ngumi. Na akitolewa sub bila kuambiwa mapema, hapo ndo balaa kabisa.

Kwahiyo nikaenda kwa kocha peke yangu, siku ambayo hakuna mazoezi, bila mtoto, nikamwambia kila kitu nikamwonyesha na daftari. Usimfiche kocha, tafadhali, atajua tu na atajua vibaya. Tukakubaliana foleni ziwe fupi, wagawanywe makundi ya watoto 4 au 5, na wangu akiwa anasubiri apewe kazi, apange koni au aokote mipira iliyotoka nje. Alafu kukawa na ishara, kocha akishika sikio lake mara mbili mtoto anakimbia mpaka kwenye mwembe anakunywa maji anarudi, hiyo sio adhabu na hakuna wa kumuuliza kitu. Ishara tuliifanyia mazoezi nyumbani wiki nzima akiwa ametulia, maana mtoto akishapandisha hasira hafundishiki.

Kuhusu sub, kocha anamwambia kabla ya mechi, utacheza mpaka dakika ya 15 ukitoka unakuja kunishikia saa. Mara ya kwanza namuona anatoka uwanjani, ngumi amezikunja, mdomo unatetemeka, nikajua leo tumekwisha, kocha akampa ile saa bila kusema neno, akaishika kwa mikono miwili, akawa anawatangazia wenzie dakika zilizobaki mpaka mpira ukaisha.

Haikuwa rahisi kila siku. Tukiwa mwezi wa pili na mpango huu alimpasua mwenzie mdomo, jioni ileile tukaenda kwao mimi na yeye, akaomba msamaha mwenyewe kwa mama wa yule mtoto, mimi sikumsemea. Na baba yake nilimuomba aache kupiga kelele pale pembeni, "kaba! kaba! unafanya nini!", maana mtoto alikuwa anachanganyikiwa amsikilize nani.

Kingine ni njaa, usikichukulie poa. Akitoka shule lazima anywe chai na kitu cha kushiba ndo aende mazoezi ya saa 10, siku asipokula ule mwembe anaenda mara 5. Na begi lake lina chupa 2 za maji, moja ya kunywa na nyingine ya kujimwagia kichwani akifika pale kwenye mwembe.