Kuhusu hilo la JKT, mama

Mama yangu, meseji yako nimeipata. Unauliza uende JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa kujitolea au ukae usubiri ajira, maana wenzako wanasema ukitoka kule ndio mlango wa polisi na uhamiaji. Kuhusu ajira sina zaidi ya wanachoandika wenyewe kwenye matangazo, wanasema wazi JKT haitoi ajira wala haikutafutii, na watu bado wanajaa. Mwaka 2021 vijana 854 wa JKT, wa kundi lililoitwa Operesheni Magufuli, walisitishiwa mikataba baada ya kugoma wakidai ajira. Basi hapo sina la kuongeza.

Mimi kinachonisumbua ni hilo la kujitolea. Siku zote nawaambia, anayejitolea ni yule ambaye angeweza kukataa na akalala usingizi wake. Ndugu zako wananicheka lakini najua nilikolitoa.

Baba yako mkubwa na vita vyake unavijua, hakuna mtoto humu ndani ambaye hajasimuliwa daraja la Kyaka kule Kagera. Ila siku ya kuondoka huwa anairuka. Ilikuwa Novemba 1978, Mwalimu Nyerere kashatangaza redioni kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Idi Amin wa Uganda tunayo, sisi tuko kwenye kupanda pamba. Tukaitwa ofisi ya kijiji, mimi nimeshika baiskeli ya babu yako karibu kabisa na meza. Katibu akasema nchi inaomba wanaojitolea, waliopita mgambo wasogee. Kimya. Baba yako mkubwa akatoka mbele, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, baiskeli ikaanguka. Halafu katibu akafungua daftari akaanza kusoma majina. La kaka yangu lilikuwa la nne, limeandikwa kwa penseli na lina vema tayari, nililiona kwa macho yangu.

La sita lilikuwa la jirani yetu, yule mrefu, alikuwa ndio kwanza ameoa. Yeye hakutoka mbele. Aliposomwa aliitika "nipo" halafu akaangalia chini. Kaka alirudi nyumbani baada ya Kampala kuanguka, Aprili 1979, yule hakurudi. Miaka ikapita, siku moja ya Mashujaa kaka kasimama kuongea, anasema "sisi tulijitolea, wengine walisubiri kuitwa". Mama yake yule kijana alikuwa amekaa benchi la mbele. Akainuka akaenda zake, na hakuna aliyemfuata, na mimi sikumfuata.

Sasa subiri, sisemi serikali ilikosea. Amin ameingia Kagera, watu wanauawa, ng'ombe wanachukuliwa, ungekaa usubiri kila mtu ajisikie? Jeshi lilikuwa dogo, bila wale mgambo sijui tungefika wapi. Na kaka naye kuna siku namtetea. Anaapa hakujua kama jina lake limo. Mama alikuwa anamwambia "ulijua bwana, uliona aibu kusomwa". Labda alijua. Lakini mtu akijua anapelekwa halafu akatangulia mwenyewe, utasema hakujitolea? Hapo huwa nakwama.

Hata JKT yenyewe ilipoanza 1963 ilikuwa ya hiari. 1966 ndio wasomi wakaambiwa ni lazima, wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana mpaka Ikulu na majoho yao, wengine wamebeba mabango kwamba afadhali ukoloni, Mwalimu akawarudisha makwao karibu 400 na yeye mwenyewe akajikata mshahara. Nilikuwa nawaona wajeuri wale. Siku hizi sina uhakika, kwa sababu mimi pia nilipelekwa kambi ya JKT Makutupora kwa mujibu wa sheria, mwaka mzima, na nikanung'unika kila asubuhi kwenye mchakamchaka. Lakini kule ndiko nilikolala hanga moja, yaani bweni moja, na mtoto wa waziri na mtoto wa mvuvi, wote tumeshika mestini, vile vyombo vya chakula vya jeshi, tunangoja maharage, afande anatuita "kuruta" wote sawasawa, na nikikumbuka nacheka peke yangu. Kwa hiyo lazima nayo ilinipa kitu, na inaniudhi kukubali.

Wewe hakuna daftari lenye jina lako. Ukikaa nyumbani hakuna atakayekufuata. Anayejitolea ni yule ambaye angeweza kukataa, na kwenye ukoo huu hujatanguliwa na mtu. Ila ukienda kwa sababu tu ajira hakuna, basi hilo nalo ni daftari la aina yake, sema halina katibu. Au nakosea? Maana hata anayefukuzwa na njaa miguu ni yake.

Nimemwahidi mama yako sitakuamulia na imeniwasha barua nzima, maana jibu langu ninalo. Fomu zinatoka ofisi ya mkuu wa wilaya. Vyeti vyako vyote viko kwenye lile begi la bluu juu ya kabati, ufunguo anao mama yako, mpigie yeye, mimi nimeomba kanyima.

Baba yako.