Anayealika Ndiye Aagize: Ushauri kwa Anayewapeleka Wazazi Kula Nairobi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kutoka Thika. Amepata kazi yake ya kwanza yenye mshahara wa maana, wazazi wake watafika Nairobi mwisho wa mwezi, naye anatamani kuwapeleka mahali ambapo watakula vyakula vya mataifa mbalimbali katika meza moja, ila anaogopa kwamba siku hiyo itaishia kuwa ya aibu. Nimeona nimjibu hapa kwa sababu swali lake ni letu sote tuliotoka mashambani, tukasomeshwa kwa mifugo na mikopo ya chama, tukapata ajira mjini, na sasa tunataka waliotusomesha waonje walau kidogo ya dunia waliyotufungulia.

Mahali panapofaa, ndugu yangu, ni ukumbi wa migahawa, yaani ule wenye majiko mengi yanayozunguka meza zilezile. Hoteli ya kawaida hukufunga kwa menyu moja, na mzee asipokipenda kilichopo hukaa akinywa chai huku akiwatazameni mkila. Ukumbini, baba akikataa tambi za Kichina, kuku wa kuchoma hupatikana hatua chache kutoka pale mlipoketi. Lakini wingi huo una hatari yake, na watu wengi huangukia hapo: kila mmoja hupewa menyu yake, kila mmoja hujiagizia chake kutoka jiko tofauti, na kwa kuwa majiko hayo hayana uhusiano wowote, sahani ya kwanza hufika mapema sana na ya mwisho hufika wakati wengine wameshanawa mikono. Nimekwisha kuona familia zikila hivyo, mmoja baada ya mwingine, wakiwa pamoja kwa viti tu. Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni huu: anayealika ndiye aagize, kwa niaba ya meza nzima, kidogo kidogo, na kila kitakacholetwa kiwekwe katikati.

Kabla ya hapo, chagua ukumbi kwa kuangalia majirani wake, kwa sababu mpishi hupikia wale wanaorudi kila wiki. Village Market, uliofunguliwa mwaka 1995, uko Gigiri karibu na ofisi za Umoja wa Mataifa na balozi nyingi, na wateja wake wametoka kila bara. Diamond Plaza uko Parklands, mtaa ambao tangu enzi za ukoloni umekaliwa na familia nyingi za asili ya Kihindi, na ndiyo maana mapishi ya Kihindi ya pale hayapunguzwi makali ili kumridhisha mgeni. Mimi niliwapeleka wazazi wangu Diamond Plaza, nami ningefanya hivyo tena kesho.

Naomba nieleze kwanza kwa nini jambo hili limo moyoni mwangu. Nilipokuwa mgeni kazini, wenzangu walinichukua tukale katika ukumbi mmoja wa jiji hili ambao sitautaja. Mhudumu aligawa menyu, akawapa wote, akanipita. Nilipoinua mkono kuomba yangu, mwenzangu aliyeketi mkabala nami alimwambia mhudumu, bila kunitazama, “Huyu mletee chipsi na kuku, hivi vingine havijui.” Meza nzima ilicheka. Nilikula nilicholetewa, nikalipa sehemu yangu sawa na wao waliokula kamba na samaki, nikarudi ofisini. Maneno yale yananiuma hadi leo, wala sioni haja ya kujifanya kwamba nimeyasahau. Tangu hapo nilijiwekea desturi ya kwenda peke yangu kila baada ya mshahara, kuketi karibu na jiko, na kuagiza kitu kimoja nisichokijua. Sikuwa na mwalimu mwingine. Leo watu haohao hunipigia simu kuniuliza wageni wao walishwe nini, nami huwajibu kwa ukamilifu, kwa sababu ujuzi wa chakula si urithi wa mtu yeyote, na anayeutumia kumdharau mwenzake hajaujua bado.

Baba yangu alistaafu mwaka huu baada ya kufanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha sukari kule magharibi, nasi watoto tulikubaliana kwamba hatutamfanyia sherehe ya mahema na vipaza sauti, bali tutamleta yeye na mama Nairobi tule pamoja. Tuliingia Diamond Plaza siku ya Jumatano, saa sita kasorobo mchana, kabla wafanyakazi wa ofisi hawajamiminika. Nasisitiza saa hiyo. Anayelijua eneo lile anajua kwamba ukishakaribia meza tu, wahudumu wa majiko tofauti hukujia kwa pamoja, kila mmoja na menyu yake mkononi, kila mmoja akikuhakikishia kwamba kwake ndiko kuna chakula bora, kwa sababu meza ni za wote na mteja ni wa yule atakayeandika oda kwanza. Mgeni aliyetoka kijijini anaweza kudhani kuna ugomvi. Niliwasalimu, nikawaomba waache menyu mezani watupishe kidogo, nikawaambia nitamwita mmoja mmoja. Walikubali mara moja, kwa heshima, kwa kuwa waliona wazee, na pia kwa kuwa niliwaambia ukweli kwamba tutaagiza kwa zaidi ya mmoja wao.

Kisha nikamchukua baba tukazunguka. Usimpe mzee menyu yenye majina asiyoyajua halafu umtake achague, mwonyeshe moto. Tulisimama mbele ya jiko lenye tanuri la udongo, lile ambalo ndani yake joto huweza kupita nyuzi 400 za Selsiasi, tukamwona mpishi akiubandika unga wa naan, mkate laini wa Kihindi, kwenye ukuta wa tanuri kwa kifuko cha kitambaa, na baada ya muda mfupi akaung'oa kwa fimbo ya chuma ukiwa umevimba na kuungua madoa. Baba aliuliza kwa nini hauanguki motoni. Mpishi akamjibu kwamba unga wenye unyevu hushika udongo wenyewe mpaka ukauke. Mazungumzo hayo yalimfanya aagize naan kabla sijafungua mdomo.

Niliporudi mezani mama aliniuliza kwa sauti ya chini, “Na ugali je, baba?” Nilikuwa nimelitarajia swali hilo. Mzazi aliyezoea ugali hatafuti ladha ya ugali hasa. Anatafuta kitu cha kushika mkononi kitakachobeba mchuzi. Kwa hiyo naan na mchuzi mzito wa kuku vikatangulia mipango yangu mingine yote. Alimega, akakunja kwa vidole vitatu, akachota, na sikuulizwa tena kuhusu ugali mchana ule.

Agiza kwa kufuata muda wa majiko. Kuku tikka, yaani vipande vya kuku vilivyokolezwa viungo na kuchomwa, huchukua muda, kwa hiyo oda yake iandikwe kwanza, hata kama ataliwa katikati ya mlo. Bhajia za viazi huiva haraka, nazo ndizo za kuwatuliza wenye njaa wakati mnasubiri. Biriani mara nyingi huwa imeshapikwa na hufika upesi, kwa hiyo isiagizwe mapema mkaja kushiba wali. Tambi au wali wa Kichina hukaangwa papo hapo kwa moto mkali na ladha yake huondoka zikipoa, basi ziitishe pale meza inapokuwa na nafasi. Sahani moja ya kila kitu inatosha kwa kuanzia watu watano. Mkikipenda, agizeni ya pili. Hakuna jiko litakalokataa.

Nieleze kidogo kuhusu pani puri, maana ndiyo iliyonifundisha namna ya kumheshimu mzazi mezani. Ni kitafunio chembamba cha unga kilichokaangwa, cha mviringo, kitupu ndani, ambacho hutobolewa kwa kidole gumba, kikatiwa viazi na dengu, kisha kikajazwa maji yenye ukwaju, nanaa na pilipili. Huwezi kukiuma nusu, kwa sababu maji yatakumwagikia, wala huwezi kukisubirisha, kwa sababu kitalainika. Ni lazima kiingie kinywani kizima. Mama alisita. Kwa malezi yake, mwanamke mtu mzima hapanui kinywa hivyo mbele ya watu. Sikumhimiza wala sikumchekesha. Nilikula changu kimya, dada yangu akala chake, na baada ya kitambo mama akageukia ukutani, akakila, akageuka akiwa na machozi ya pilipili na kuomba kingine. Kama ningalimshurutisha asingalikigusa. Wapeni wazazi nafasi, jamani. Hawakuja kufanyiwa mtihani.

Lakini kilele cha siku ile kilikuwa kwenye mashine ya juisi ya miwa. Kijana aliyekuwa akiiendesha alipitisha muwa kati ya magurudumu ya chuma, akaukunja pamoja na tangawizi na limau, akaupitisha tena. Baba alikiokota kipande cha muwa ambacho hakijasagwa, akakitazama mahali kilipokatwa, akakinusa. “Kijana, muwa huu ulikatwa lini?” Kijana hakujua. Baba akamweleza kwamba muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari yake, ndiyo maana viwanda hutaka usagwe ndani ya siku moja au mbili, na kwamba mahali palipokatwa panapokuwa pekundu na kuanza kunuka uchachu, juisi yake haitakuwa tamu hata ukiongeza limau. Walizungumza kwa muda mrefu hata mhudumu wa jiko la pili akaja kusikiliza. Kijana alimpa gilasi ya pili bila malipo, akamwita “mwalimu”. Baba yangu, ambaye maisha yake yote alirudi nyumbani na harufu ya molasi, alisimama pale katikati ya jiji akiwa ndiye mjuzi. Basi tafuta, ndugu yangu wa Thika, kitu kimoja ukumbini ambacho mzazi wako anakijua kuliko wewe: kahawa kama alilima kahawa, samaki kama alitoka ziwani, maziwa kama alifuga. Mpeleke hapo, kisha unyamaze.

Kama utachagua ukumbi wenye jiko la Kihabeshi, umerahisishiwa kazi, kwa kuwa injera, mkate wao mpana na laini, huletwa katika sinia moja na wote hula humo. Jumatano na Ijumaa ni siku za mfungo kwa Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia, hawali nyama wala maziwa, na siku hizo mchanganyiko wa dengu, mbaazi na mboga uitwao beyaynetu huwa umepikwa kwa bidii zaidi. Mzee mwenye shinikizo la damu ataufurahia, ila omba chumvi ipunguzwe. Kwa jiko la Kithai, uliza kuhusu pilipili kabla, si baada. Na mkiwa na Mwislamu mezani, uliza kila jiko peke yake kama nyama yake ni halali, kwa sababu jibu la jiko moja halimfungi jirani yake.

Kuhusu fedha, kila jiko lina bili yake. Uliza kama bei iliyoandikwa imejumuisha VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, kwa kuwa tofauti hiyo ikijirudia katika majiko manne huonekana. Lipa kila bili chakula kinapofika, uende mwenyewe kaunta, na usome jina linalotokea kwenye M-Pesa kabla ya kuthibitisha. Mzazi asiione bili. Akiiona, ataanza kuhesabu magunia ya mahindi, na chakula hakitapita kooni.

Beba vyombo vyenye vifuniko kutoka nyumbani, kwa sababu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017 na baadhi ya majiko hutoza pesa kwa kila kisanduku. Kuku na biriani hubebeka vizuri, mradi vitiwe kwenye friji mapema na vipashwe moto hadi vitoe mvuke. Bhajia zimalizeni palepale.