Rekodi za matsutake: usifute kabla ya kusoma lebo

Ndugu, kwa ramani yako ya mahali uyoga wa matsutake unapoota, umeuliza kama ufute rekodi za makumbusho za Asia ambazo uyoga huo una jina tofauti. Usifute! Wanasayansi Ito na Imai waliuita Armillaria matsutake mwaka 1925, kisha mwenzao Singer akauhamishia jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Tricholoma mwaka 1943. Ni uyoga uleule.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mahali. Lebo ikiandikwa “Yunnan” tu, yaani jimbo la China, mara nyingi nukta ya ramani huwekwa katikati ya jimbo hilo, na ramani yako inapotoka vibaya sana. Omba picha ya lebo yenyewe, utazame kimo cha mlima na mti ulioandikwa: Japani tegemea misonobari, ila Yunnan na Bhutan hata mialoni. Sampuli iliyonunuliwa sokoni itenge, maana huenda ilichumwa mbali kabisa.