Jibu: Programu imekamilika, ripoti ndiyo haiandikiki

Waalaykumu salaam, ndugu yangu wa Wete. Umeuliza vipi utaandika ripoti ya mradi na hali programu umeshaimaliza. Mimi hapa Unguja nilisubiri hivyo hivyo, na ndipo nilipoharibu: kufika sura ya mbinu, nimeshasahau kwa nini niliigawa kanzidata katika majedwali matano badala ya mawili. Msimamizi alitaka hasa hiyo sababu.

Kama ulitumia Git, ile programu inayotunza historia ya kila badiliko la msimbo, una bahati kubwa. Andika amri ya git log --reverse, usome tangu siku ya mwanzo. Kila badiliko lina tarehe na maelezo yake. Pembeni eleza kwa Kiswahili chako cha nyumbani nini kilikushughulisha siku ile, ndipo uhamishie Kiingereza cha ripoti. Mimi nikishasali alfajiri huandika kwa daftari hadi jua litoke, laptopu sijaigusa.

Marejeo yaweke papo hapo unaposoma. Mtindo wa IEEE, unaotumika sana kwenye ripoti za uhandisi na kompyuta, hufuata namba kwa mpangilio wa kutajwa, kwa hiyo ukiongeza chanzo katikati, zinazofuata zote zinasogea. Zotero, programu ya kutunza marejeo, hukupangia, tena bure.

Utangulizi uache mwisho. Ukipata kurasa mbili za mbinu, nitumie nizisome.