Dira ya ndege ukirukia Mtwara: kitabu kinasema kaskazini, yenyewe inasoma kusini

Juzi kijana wa Masasi anayesomea urubani ameniandikia. Ndege ikiongeza kasi kuelekea magharibi, dira inaonyesha kama imepinda kusini, na kitabu chake kinasema itaonyesha kaskazini. Anauliza kama dira ni mbovu.

Dira ni nzima, mdogo wangu. Kitabu chako kiliandikiwa watu wa kaskazini mwa ikweta.

Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi. Mwalimu akanijibu mbele ya darasa zima kwamba mtoto wa Mtwara akabangue korosho, mambo ya sumaku awaachie wenzake. Maneno yale bado yananiuma, na leseni ninayo. Jibu nililitafuta mwenyewe.

Nguvu ya sumaku ya dunia hailali sambamba na ardhi. Ikweta ya sumaku, mstari pekee ambako nguvu hiyo hulala sambamba, kwa upande wetu inapita huko Ethiopia, kwa hiyo Mtwara, ingawa tuko nyuzi 10 tu kusini mwa ikweta ya kawaida, ncha ya kusini ya sumaku ya dira inavutwa chini. Ili kadi ya dira, ile yenye namba za mwelekeo inayoelea ndani ya kimiminika juu ya ncha ya chuma, isilale upande, uzito wake unakaa kaskazini kidogo ya ncha hiyo ya chuma. Ukiongeza kasi kuelekea mashariki au magharibi, uzito unabaki nyuma, kadi inazunguka, unasoma kusini. Ukipunguza, unasoma kaskazini.

Kwenye kona pia geuza kanuni ya kitabu. Ukipinda kutafuta kaskazini, dira inakutangulia, kwa hiyo endelea kupinda hata ikishasoma kaskazini. Ukitafuta kusini inachelewa. Nyoosha mbawa mapema.

Kifaa cha jairo, kinachoonyesha mwelekeo kwa gurudumu linalozunguka kwa kasi, hakina usumbufu huo, lakini hakijui kaskazini iko wapi mpaka ukiambie. Mzunguko wa dunia peke yake, kwa latitudo yetu, unakipotosha karibu nyuzi 3 kwa saa, na msuguano unaongeza zake. Kila dakika 15 kilinganishe na dira, ndege ikiwa imenyooka na kasi haibadiliki. Mimi naanza hata kabla ya kuruka: nikishasimama kwenye mstari wa katikati, navikagua vyote viwili kwa mwelekeo wa njia ya kurukia.

Simu usiiweke karibu na dira. Na ile kadi ndogo ya masahihisho iliyobandikwa hapo, isome. Vyuma na nyaya za ndege yenyewe huivuta dira, na kila ndege ina yake.

Vijana wa kusini, acheni kukariri. Anayekariri hupotea siku swali likibadilishwa, anayeelewa kwa nini kadi inazunguka hahitaji kukumbuka chochote. Kwenye mtihani angalia kwanza swali limeiweka ndege wapi. Ikiwa London, jibu la kitabu chako ni sahihi. Ikiwa inaruka Kikwetu pale Lindi, andika kinyume chake.