Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Naitwa Mwanakupona?

SWALI

Kwa mhariri wa ukurasa wa majina na maneno, assalamu alaykum.

Mimi ni mkaazi wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, na nina umri wa miaka 24. Jina langu ni Mwanakupona. Nimelirithi kwa nyanya yangu mzaa baba, ambaye ni somo yangu, naye alilirithi kwa nyanya yake. Tangu nilipokuwa skuli ya msingi nimekuwa nikiulizwa kama nilizaliwa mgonjwa, na hata sasa kazini wapo wanaonitania kuwa mimi ni "mtoto wa kupona". Shangazi yangu hushikilia kuwa jina lilianza na bibi mmoja wa Pate aliyeugua mwaka mzima, akapona, ndipo akaitwa hivyo. Ami yangu naye ana yake. Msahafu wa nyumbani kwetu una ukurasa wa mwisho ambapo wazee waliandika, kwa hati za Kiarabu, majina ya watoto na siku walizozaliwa, na ami akiusoma ukurasa ule hutamka "Kubuna", akasema kuwa hilo ndilo jina letu la asili na sisi tumeliharibu. Juu ya hayo, ustadhi aliyenisomesha Kurani chuoni alimwambia mama kuwa jina langu si la Kiislamu na kwamba ni afadhali nilibadilishe kabla sijaolewa. Naomba kujua ukweli wa jina hili, na kwa nini sijapata kukutana na mwingine mwenye kuitwa hivi.

Mwenye jina, Kibokoni

JIBU

Wa alaykumu ssalamu, mwanangu. Nitaanza na ukurasa wa msahafu, kwa sababu huo ndio ushahidi ulio mikononi mwenu, na nimefurahi mno kusikia kwamba haujatupwa wala haujaliwa na mchwa.

Ami yako hakukosea kusoma. Alichofanya ni kusoma Kiswahili kana kwamba ni Kiarabu. Kiarabu hakina sauti ya p, na wazee wetu wengi walipoandika Kiswahili kwa hati zile walitumia herufi ya be kwa b na kwa p pia, bila kuiongezea nukta za kuitambulisha p. Irabu nazo ni tatu tu, kwa hivyo o na u huandikwa kwa dhamma ile ile moja, na e na i kwa kasra moja. Neno "popo" likiandikwa hivyo, asiyejua habari huliona "bubu". Basi "kupona" huandikwa kwa kafu yenye dhamma, be yenye dhamma na nuni yenye fataha, na mwenye kuliangalia kwa jicho la Kiarabu atatoka na "kubuna". Msomaji wa zamani hakubabaika, kwa kuwa alilijua neno kabla ya kuliona. Tena jina limetamkwa "Kupona" kinywa kwa kinywa, kutoka nyanya hadi mjukuu, na ulimi wa nyanya yako katika jambo hili ni ushahidi wenye nguvu kuliko nukta zilizokosekana.

Sasa tulitazame jina lenyewe, ambalo ni maneno mawili yaliyoshikana. Wanaokutania wanalichukua neno "mwana" kwa maana ya mtoto. Ni kweli kwamba ndiyo maana yake ya kila siku, lakini katika majina ya wanawake wa pwani ya kaskazini, na ya Mombasa pia, Mwana ni neno la heshima, kama anavyoitwa leo mwanamke mtu mzima Bi au Bibi. Ni pacha wa Bwana. Mapokeo ya mji wetu yanamtaja Mwana Mkisi kuwa malkia aliyetawala kisiwa hiki kabla ya Shehe Mvita, na hakuna aliyefikiri kuwa huyo alikuwa "mtoto wa Mkisi". Heshima hiyo ndiyo iliyoganda katika majina ya Mwanaisha, Mwanajuma, Mwanahamisi na Mwanaidi, hata tukasahau kuwa ilikuwa heshima; Mwanaisha wa Majengo ambaye mama yake ni Rukia hatuulizi Aisha aliyemzaa yuko wapi. Wewe, kwa hiyo, ni Bibi Kupona. Atakayekuita mtoto wa kupona mjibu hivyo, na umjibu kwa upole.

Likabaki "kupona" lenyewe. Siku hizi tukilisikia neno hili akili zetu hukimbilia kitanda cha hospitali, ila katika Kiswahili cha wazee, na hata katika Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, cha leo ukitega sikio, maana yake ni pana zaidi: kupona ni kutoka salama katika jambo lililokuwa na uwezo wa kukumaliza. Katika msimu wa kusi, mashua ikichelewa na bahari ikiwa imechafuka, mwanamke aliyesimama ufukoni akiona tanga linaingia mlangoni husema "wamepona", na hakuna mmoja kati yao aliyekuwa mgonjwa. Nahodha naye akihadithia atakwambia, "Ponapona yetu ilikuwa ile nanga." Tunasema pia fulani ameponea chupuchupu. Ni neno la Kibantu lenye ndugu hata bara: Mkikuyu husema hona kwa maana ya kupona, na honoka kwa maana ya kuokoka. Kwa hivyo mzazi aliyemwita binti yake Kupona hakuwa lazima ametoka kuuguza. Huenda alikuwa akimwombea usalama wa maisha yote, kama anayempa mtoto jina la Salama au la Afua. Binafsi naiona maana hii kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na tabia ya majina yetu.

Shangazi yako amegusa jambo kubwa, ingawa amelipindua. Bibi wa Pate yupo, na ndiye mwenye jina hili anayejulikana kuliko wote: Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji ulio katika kisiwa cha Pate, ambaye alishindana kwa miaka mingi na Seyyid Said wa Unguja. (Angalia hapo Bwana na Mwana walivyokaa pamoja katika nyumba moja.) Mume alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, ambao yeye mwenyewe ameuandika kwa hesabu ya Kiislamu kuwa 1275, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa wasia unaojulikana hadi leo kwa jina la mtungaji wake. Utendi huo unaanza kwa kumwita binti asogee karibu, na kumwambia kwamba maradhi yamemshika mama yake hata yametimia mwaka. Karibu na mwisho anajitaja kwa jina lake na la baba yake, na anasema kuwa amezaliwa Pate.

Hapo ndipo hadithi ya shangazi inapokwama. Mwana Kupona alijitaja Kupona akiwa bado mgonjwa, wala hakuna kupona alikokwisha kupata ambako angeitiwa. Alifariki Lamu yapata mwaka 1860. Jina alikuwa nalo kabla ya maradhi yale. Mimi kila nikiufikia ubeti wa maradhi hunishika moyoni kwamba mwanamke mwenye jina hilo alikaa kitandani akijua kuwa huenda hatapona, na kazi aliyoiona kuwa ya haraka kuliko zote ikawa ni kumwachia binti yake maneno.

Utendi huo ndio uliolitoa jina kisiwani Pate. Alice Werner aliuchapisha mwaka 1917, kisha akauchapisha tena pamoja na William Hichens mwaka 1934, na tangu hapo umekuwa ukisomwa na kujadiliwa na wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, huku wengine wakiupenda na wengine wakiubishia kwa yale unayomtaka mke amfanyie mumewe. Ndiyo maana unapolitaja jina lako kwa mtu aliyesoma fasihi huenda akakwambia, "Kama ule utendi!" Jina limekuwa maarufu kitabuni na adimu barazani. Uadimu huo haunishangazi. Majina yetu husafiri kwa usomo: mjukuu humrithi nyanya, naye akarithiwa na mjukuu wake, na jina lililoanza katika nyumba chache hubaki katika nyumba hizo na kokote mabinti wake walikoolewa. Mwanaisha halikuhitaji ukoo wa kulibeba, kwa sababu Aisha anajulikana na kila Mwislamu. Kupona lilihitaji nyanya mmoja baada ya mwingine. Msururu ukikatika mara moja, jina hupotea katika nyumba ile. Isitoshe, kina mama vijana wa Mombasa ya leo wanapenda zaidi majina mafupi kama Hanan, Ilham na Nawal, nayo ni majina mazuri, lakini naumia kuona majina ya Mwana yanabaki kwa wazee peke yao. Kwenu msururu haujakatika.

Kuhusu ustadhi, kwa heshima zote, nami si mufti wala sitoi fatwa. Utakapotaka hukumu muulize mwanachuoni unayemwamini. Yanayojulikana ni haya. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimbadilishia jina mwanamke aliyeitwa Asiya, akamwita Jamila, kwa sababu jina lile lilikuwa na maana ya mwenye kuasi. (Asiya huyo huandikwa kwa ain na swadi, na siye Asiya mke wa Firauni, aandikwaye kwa alifu na sini, kina Asia wetu wasiingiwe na hofu.) Kilichotazamwa pale ni maana. Majina ya Ibrahimu na Musa asili yake si Kiarabu, na hayakuachwa kwa hilo. Na katika masahaba wanawake alikuwapo Bi Shifaa binti Abdallah, aliyejua kuandika na ambaye ndiye aliyemfundisha Bi Hafsa, mke wa Mtume. Na shifaa, ukitaka kulitia katika Kiswahili, ni kupona. Hapa kwetu, mwanachuoni wa Mombasa aliyehifadhi mashairi ya Muyaka, malenga wa mji huu, akafariki mwaka 1890, aliitwa Mwalimu Sikujua, jina ambalo ni kitenzi cha Kiswahili kitupu, kama lako. Siyu nayo, alikoolewa Mwana Kupona, ulikuwa mji wa waandishi wa misahafu ambayo watu huisifu mpaka leo kwa uzuri wa mapambo yake. Kumwambia binti aliyerithi jina lililoheshimiwa katika mji ule kwamba jina lake si la Kiislamu naona ni haraka.

Kubadilisha inawezekana: sheria ya Kenya inamruhusu mtu mzima kubadili jina kwa hati maalumu inayosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi. Uamuzi ni wako peke yako, si wa kazini wala wa chuoni. Ila kabla ya hapo kaa na nyanya yako mkiwa na ukurasa ule wa msahafu, umwombe akutajie kila Kupona anayemkumbuka na alikozikwa, na uyaandike.

SWALI

Mke wangu amejifungua mtoto wa kike juzi, na mama yangu anataka aitwe Mwanakupona, jina la marehemu dada yake. Wakwe zangu wanachelea kuwa jina hilo litamwitia mtoto maradhi. Pili, jina liandikwe kwa neno moja au mawili? Dada wa mama aliteseka sana kwa sababu cheti kilisema hivi na kitambulisho kilisema vile.

Baba mchanga, Likoni

JIBU

Hongera, na Mwenyezi Mungu amkuze. Wakwe zako wanamwonea huruma mjukuu, msiwalaumu. Wasomeeni jibu lililotangulia, kisha muwaulize kama Afua huugua kuliko watoto wenzake, au kama kina Tabu na kina Shida wanaowajua wameishi katika tabu na shida. Jina la mtu aliyependwa, likitolewa na dada yake aliyebaki, si jambo la kukataliwa kwa hofu. Wakibaki na wasiwasi, mama aliye kitandani ndiye wa kusikilizwa kwanza, maana ndiye atakayeliita usiku na mchana.

Katika kuandika, andikeni neno moja: Mwanakupona. Kwa historia yake maneno mawili si kosa, lakini fomu za leo zimegawanywa jina la kwanza, la kati na la ukoo, na mkiacha nafasi, karani ataandika Mwana katika kisanduku cha kwanza na Kupona katika cha pili, na jina la baba litasukumwa nje. Mtoto ataitwa "Mwana" darasani, na miaka 18 baadaye atakuwa katika foleni ya kutafuta hati ya kiapo kuthibitisha kuwa watu wawili hao ni yeye mmoja. Mkijaza karatasi ya hospitali, someni herufi moja moja kabla hamjatia sahihi, kisha mkasajili kuzaliwa kwake kabla ya kutimia miezi 6, kwani baada ya hapo husajiliwa kama aliyechelewa na ushahidi unaotakiwa huwa mwingi zaidi.

Siku ya saba, mkimnyoa na kumchinjia akika, mwacheni nyanya yake amtaje yeye kwanza. Na kama nyumbani mna msahafu wenye ukurasa wa majina, mwandikeni humo pia, na chini ya be wekeni nukta tatu, ili isomwe p.